Tupeane uzoefu: kebo ya kuunganisha Super 8 na rekoda, yako ilikusumbua wapi?

MwanaMenengai (Nakuru)
Wadau hamjambo. Nimeona wengi huku kwetu wameanza kutoa zile kamera za wazee kwa sanduku, hizi Super 8 za filamu ya milimita 8, picha zinatoka poa, lakini wakifika kwa sauti wanakwama. Wacha nianze na yangu. Nilirithi Nizo ya marehemu mjomba, ile ya Braun ya Ujerumani, na ubavuni iko na katundu kadogo ka flashi. Hako katundu hufunga mara moja kila fremu, yaani kila picha moja ya filamu, kwa hivyo nikawaza nikitoa waya hapo niupeleke kwa rekoda, chaneli moja ishike maiki na ingine ishike mlio wa fremu wa kulinganisha sauti na picha baadaye, kazi imeisha. Kebo ikatengenezwa, nikaenda Bahati kumrekodi shosho akieleza vile walifika pale, katriji nzima ya mita 15, yaani dakika mbili na nusu kwa fremu 24, kurudi nyumbani chaneli ya pili ni kimya kabisa. Kumbe kale katundu hakatoi umeme, ni swichi tu, na kama hakuna volti inayopita hapo rekoda itasikia nini? Kuna rekoda zinatoa volti kidogo kwa tundu la maiki, hizo swichi ikifunga unapata "tk" bila kuongeza kitu. Yangu haikuwa hivyo. Dawa ikawa betri moja ya volti 1.5 na rezista mbili za kupunguza nguvu isiingie kama radi. Siku hizi nasikia mlio kama wa cherehani na najua kila "tk" ni fremu moja. Shosho alikubali turudie lakini hadithi haikutoka vile ilitoka mara ya kwanza, na hiyo inaniuma hadi wa leo. Leteni zenu.

NyarDunga (Kisumu)
Pole sana kaka. Mimi shida ilikuwa urefu wa waya. Hizi kamera zinapiga kelele, so maiki lazima ikae mbali nazo, nikavuta waya wa jeki ndogo kama mita kumi hadi kwa mzee wa nyatiti, na nikaupitisha sambamba na ekstensheni ya taa. Si mnajua stima yetu ni 50 Hz, basi nilirudi na mngurumo chini ya wimbo wote, nyuzi nene za nyatiti zimezama huko, unasikia tu njuga za mguuni na ile pete ya kidole cha mguu ikigonga mti. Sasa natumia XLR ya pini tatu, pini 1 ni ngao, 2 na 3 zinabeba sauti ileile lakini moja imegeuzwa, kelele ikiingia inaingia zote sawa na rekoda inaifuta. Na waya wa stima nauvuka kwa msalaba, siulazi kando yake tena.

MzeePilotoni (Nakuru)
Wanangu nawasalimu. Enzi zangu nikiwa msaidizi wa sauti tulikuwa na kamera ya milimita 16 na Nagra, rekoda ya utepe, na kebo ndiyo ilikuwa ndoa yao. Filamu ina matundu, haiwezi kuteleza, lakini utepe wa sauti hauna, unateleza na kuvutika. Kwa hivyo kamera ilitoa mawimbi ya 50 Hz kulingana na mwendo wa mota yake, yakapita kwa kebo yakaandikwa kwenye utepe pamoja na sauti, halafu wakati wa kunakili, mashine ilifuata yale mawimbi. Mpiga picha akikimbia, na wewe unakimbia. Siku moja ufukweni mwa ziwa aligeuka ghafla kufuata mashua, plagi ikachomoka katikati ya mahojiano, na mimi nasikia maneno vizuri masikioni nikadhani tuko salama. Sauti ilikuwepo, mawimbi hayakuwepo. Kuanzia siku hiyo kebo tuliifunga kitanzi kwa mpini wa kamera kabla haijaingia kwa soketi, ikivutwa inavuta mpini. Baadaye mota za kristali, zinazoshikiliwa mwendo na kristali ndogo kama ya saa, zikaja, kamera na rekoda kila moja ikashika mwendo wake, na kebo ikakatwa.

NgomaKhayega (Kakamega)
Mimi sina kebo kabisa, kamera yangu haina hata tundu. Nilirekodi isukuti, ngoma yetu ya Waluhya, nikapiga makofi mbele ya lenzi mwanzoni, nikajua imetosha. Mwanzo iko sawa, lakini mwisho wa katriji ngoma inalia na mkono bado uko juu, kama sekunde moja na robo hivi. Nikapiga hesabu: katriji ni fremu 3600, na mota ilikuwa inakimbia 24.2 badala ya 24. Sasa napiga makofi mwanzo na mwisho, kwa kompyuta naivuta sauti hadi makofi yote mawili yakae mahali pake. Na kitu ingine jamani, maiki ipelekeni karibu na ngoma. Sauti inatembea kama mita 14 tu kwa fremu moja, ukirekodi ukiwa mita 40 umechelewa karibu fremu tatu na hakuna kebo itakuokoa hapo.

FundiKamas (Kisumu)
Nimetengeneza hizi kebo kadhaa. Ile plagi ndogo ya flashi hulegea haraka, kamwili kake ka nje nakabana kidogo sana na koleo, ukizidisha imeenda. Waya tumia laini yenye nyuzi nyingi, ule wa uzi mmoja unakatikia shingoni ukikunjwa. Na tafadhali msijaribu hako katundu kwa flashi ya zamani, zingine zinapitisha zaidi ya volti 200 na mtachoma kontakti za kamera. Pima na mita, washa kamera bila filamu, sindano ikicheza iko hai.

MwanaMenengai
Mzee, kitanzi nimekifunga leo asubuhi na kimeshika. Fundi, mita imecheza. Jumamosi narudi Bahati na katriji mbili, shosho amesema safari hii ataanza na siku waliposhuka kwa treni.