Katalogi za Chicago ziliwaonea wenye maduka wa miji midogo?

Mjukuu wa Karani: Wakuu, leteni hoja. Mwaka 1872 Montgomery Ward alianza kuuza bidhaa kwa katalogi, yaani kitabu cha bidhaa na bei ambacho mteja anaagizia kwa posta, kutoka Chicago; kampuni ya Sears wakafuata. Januari 1913 posta ya Marekani ikaanza kubeba vifurushi, na wenye maduka wa Iowa, Illinois na Indiana wakalia kwamba wanamalizwa. Mimi nasema walionewa. Duka la mjini lilimkopesha mkulima mpaka avune, na gari lake la farasi lilimfikia mteja mlangoni. Ward alitaka pesa taslimu.

Kifaru: Walionewa na nani? Mkopo wenyewe ndio uliokuwa kitanzi. Bei anapanga mwenye duka, daftari anaandika yeye, shida ni ya mkulima. Ndiyo maana wakulima wa Grange, chama chao cha wakulima, walimkimbilia Ward. Kuna miji wenye maduka walifikia kuchoma katalogi hadharani! Mwenye bei ya haki haogopi karatasi. Na hayo magari ya farasi yalikuwa kuchelewesha watu tu, tusiyapambe.

Mama Nne: Kifaru, hapo kwenye farasi umenikera. Kuchelewesha? Farasi wa muuza maziwa aliijua njia yote. Mwenyewe anashuka na chupa, anapita nyumba mbili tatu kwa miguu, farasi anasogea bila kuambiwa na kumsubiri mbele. Lori gani linafanya hivyo? Na barafu je? Mama mwenye nyumba anaweka dirishani kadi yenye namba 25, 50, 75 na 100; iliyo juu ndiyo ratili anazotaka. Muuzaji anaiona toka barabarani, anakata pande, analibana kwa koleo, analibeba begani juu ya kipande cha ngozi mpaka jikoni. Usiwaite watu wazembe kabla hujasoma.

Kifaru: Sijamwita mtu mzembe, usinilishe maneno. Nasema farasi wanaugua. Mwaka huohuo 1872 homa ya farasi ilisambaa Marekani, mizigo ikalala stesheni. Ndiyo maana Chicago iliungua, hapakuwa na farasi wa kuvuta pampu.

Msomi Pori: Hapana. Chicago iliungua Oktoba 1871, mwaka mzima kabla ya homa. Unaousema ni moto wa Boston, Novemba 1872. Huko wazima moto walivuta pampu wenyewe kwa mikono.

Kifaru: Boston, Chicago, hoja iko palepale.

Mama Nne: Haiko palepale hata kidogo! Unamhukumu farasi kwa mji usiohusika.

Tarishi Mstaafu: Mnagombana, na hakuna aliyeuliza kifurushi cha Chicago kilifikaje shambani. Treni iliishia stesheni. Kutoka hapo mzigo ni wa tarishi wa vijijini, huduma iliyoanza 1896, na kwa miaka mingi alikwenda na gari la farasi. Farasi kanunua mwenyewe, lishe juu yake. Huyo Ward mnayemwita adui wa magari ya farasi alitegemea farasi hao hao. Aliyeonewa ni tarishi.

Mjukuu wa Karani: Mzee wangu, kwa heshima, mada ni wenye maduka.

Mama Nne: Mwache aseme! Hiyo ndiyo hoja ya maana kuliko zote humu. Kifaru, jibu: lishe ya farasi wa posta alipaswa kulipa nani?

Kifaru: Tarishi alikuwa na mshahara wa serikali. Mkulima mvua ikikataa alikuwa na nini? Mjibu huyo kwanza.