Sina mbegu kabisa: niuze kiwanja nikapimwe kwa mashine ya sumaku India?

Mpole wa Mbezi: Wakuu, nina miaka 34, ndoa ina miaka minne, mtoto hakuna. Nimepima shahawa mara mbili, mara zote mbegu sifuri. Kuna wakala anayepeleka wagonjwa India, anasema huko shahawa zinawekwa kwenye spektroskopia ya sumaku, inasoma kemikali moja moja na kuonyesha kilichopungua. Nina kiwanja Kibaha. Kipimo hicho kipo kweli? Naombeni ushauri, silali.

Mama Naima: Pole sana mwanangu. Sisi tulikaa miaka tisa. Nilifika mahali nikaacha kwenda hata arobaini za watoto wa wenzangu, maana kila nikibeba mtoto wa mtu naona macho yote yako kwangu. Leo Naima yuko kidato cha pili. Sali, mwanangu.

Kibwana wa Feri: Supu ya pweza, vikombe viwili kila jioni. Kiwanja acha.

Mtu wa Maabara: Kipimo kipo. Mashine yenyewe ni ndugu wa MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ila MRI nyingi za hospitali zina sumaku yenye nguvu ya tesla 1.5 au 3, na hii ya maabara, ile ya megahezi 600, ina 14.1. Wanatia kama nusu mililita kwenye kijibomba cha kioo chenye upana wa milimita 5, kisha kila kemikali inajitokeza mahali pake kwenye grafu. Sitrati hutoka kwenye tezi dume, fruktosi, aina ya sukari, kwenye vifuko vya shahawa, gliserofosfokolini kwenye epididimisi mbegu zinakokomalia. Isiyoonekana inakudokeza tatizo liko wapi. Ila sampuli haitaki kuchelewa: ikikaa mezani, vimeng'enya vya tezi dume vinaendelea kuvunja fosfokolini, kemikali nyingine ya shahawa, kuwa kolini, ukija kupima unasoma kitu kingine. Na kwa sehemu kubwa bado ni kifaa cha watafiti. Sasa nijibu: ujazo ulikuwa kiasi gani? Fruktosi ilikuwepo? Homoni za FSH na LH, zile za ubongo kuziamuru korodani, umepima? Unatumia dawa yoyote?

Mpole wa Mbezi: Ujazo mililita 3. Fruktosi ipo. Homoni sijapima. Dawa situmii, vitamini tu.

Mtu wa Maabara: Vitamini gani? Ujazo huo, na fruktosi ipo, maana yake vifuko vinafanya kazi na njia yao ya kutokea iko wazi. Kuna kitu hujatuambia.

Mpole wa Mbezi: Sawa. Nachoma testosteroni kila wiki, mwaka wa tatu huu. Ananiletea mwalimu wa gym. Lakini si ndiyo homoni ya kiume yenyewe? Itaniondolea vipi mbegu wakati nguvu zimeongezeka? Halafu wakala nimeshampa milioni 2 za kianzio, hazirudishwi. Naona bora nimalizie tu.

Jicho la Tai: Hii chai. Saa nane vitamini, saa kumi sindano. Huyu ndiye wakala, anatafuta wateja. Wasimamizi futeni.

Mnyamwezi Halisi: Hata mimi nimeshtuka. Mtu halali kwa mawazo, ujazo anaukumbuka bila kubabaika?

Mpole wa Mbezi: Naukumbuka kwa sababu karatasi iko mbele yangu. Imekunjwa mara nne, huwa naificha chini ya soli ya kiatu cha kazini. Mtaalamu ameandika kwa peni ya bluu, "hazikuonekana", na chini yake, "hata baada ya kuzungushwa kwenye mashine, hazikuonekana". Mke wangu hajawahi kuiona. Yeye ndiye aliyepimwa mirija kwa ile dawa ya eksirei, akarudi na daladala ameshika tumbo. Mama yangu bado anamletea mizizi achemshe anywe. Aitakaye iwe chai, shauri yake.

Jicho la Tai: Kama ni hivyo, samahani kaka.

Mtu wa Maabara: Sikiliza. Ubongo ukiona testosteroni tele kwenye damu, unaacha kutuma LH na FSH, na korodani zikikosa amri hizo zinaacha kutengeneza mbegu. WHO walizijaribu sindano hizohizo kila wiki kama uzazi wa mpango wa wanaume, matokeo yakatoka 1990: wengi walifika sifuri ndani ya miezi 6. Sumaku ya India itakuonyesha sitrati ipo na fruktosi ipo, tezi zako zinaendelea kulishwa na sindano. Utauza kiwanja uambiwe hivyo. Anza na FSH, LH na testosteroni, damu tu. Muone daktari wa mkojo na uzazi wa wanaume, mtajie sindano zote, akupangie namna ya kuziacha. Usikubali vidonge vya "kusafisha" kutoka kwa mwalimu wa gym. Wengi mbegu hurudi, ila ni miezi, wengine inapita mwaka.

Kibwana wa Feri: Mimi niliuza mashua kwa mganga, kisa mtaji uliopotea. Kila nikitaka kuacha nawaza nilichokwishatoa. Milioni 2 zimekwenda, kaka. Kiwanja usikiguse.

Mpole wa Mbezi: Nimeshusha boksi la sindano toka juu ya kabati, zimebaki tatu. Mke amelala. Nitamwambia asubuhi kabla hajaiwasha sufuria ya mizizi.

Mama Naima: Mwamshe sasa hivi.