MJADALA: Wagonjwa washirikishwe kupanga utafiti wa vipandikizi vya meno, au kazi hiyo waachiwe wataalamu?

Mleta mada

Habari wadau. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mtu anayetafunia kipandikizi, yaani skrubu iliyopandwa kwenye mfupa wa taya ili ishike jino bandia, awepo siku watafiti wanapoamua watapima nini. Kumwita mwishoni ajaze dodoso ambalo wengine wameshalitunga hakutoshi.

Mwaka 1986 mtafiti Albrektsson na wenzake walitoa vigezo vya kipandikizi kilichofanikiwa, vikawa rejea ya tafiti nyingi. Kisitikisike. Eksirei isionyeshe kivuli kukizunguka. Baada ya mwaka wa kwanza mfupa usipungue zaidi ya milimita 0.2 kwa mwaka. Kusiwe na maumivu wala maambukizi ya kudumu. Ni vigezo vizuri, wala sivipingi. Lakini kutafuna hakumo. Kuongea bila kuficha mdomo hakumo. Kuna mtu chakula humnasa chini ya daraja la meno (meno bandia yaliyounganishwa juu ya vipandikizi) kila anapokula, anainuka kwenye meza ya watu kwenda kukitoa, na usiku anahangaika mbele ya kioo kupitisha kiburashi pale ambapo fundi hakuacha nafasi, hadi ufizi unatoka damu. Kwa vigezo hivyo, huyo anahesabiwa amefanikiwa, maana skrubu imeshika mfupa.

Nauliza, ni nani angelisema hilo kikaoni kama si yeye?

Mchangiaji wa kwanza (daktari wa meno)

Nakuelewa mleta mada, ila tusipelekwe na huruma. Uvimbe unaokula mfupa kuzunguka kipandikizi mara nyingi huanza bila maumivu. Mgonjwa anacheka, anakula, ameridhika kabisa, na mimi naona kwenye eksirei kwamba mfupa unaondoka. Tukipima anachokithamini yeye peke yake tutamwacha aumie. Wengi pia watataka jino lionekane mapema, na kuharakisha kuweka jino juu ya kipandikizi si salama kwa kila mtu.

Halafu anayekuja kikaoni ni nani? Ni mwenye nafasi, aliyesoma, na mara nyingi aliyetibiwa akapona vizuri. Yule ambaye kipandikizi kiling'oka akakata tamaa hatumwoni tena. Tutamsikiliza mmoja, kisha tuandike kwamba wagonjwa wameshirikishwa.

Mchangiaji wa pili

Daktari, hilo la mwisho ni la kweli na linaniuma. Ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Angalieni yaliyotokea kwenye ugonjwa wa baridi yabisi. Kundi la kimataifa la OMERACT, linaloshughulikia vipimo vya tafiti za magonjwa hayo, lilikaribisha wagonjwa kwenye mkutano wake wa mwaka 2002. Wakasema jambo ambalo vipimo vya msingi vilikuwa vimeliacha: uchovu. Si uchovu wa kufanya kazi ukapumzika ukaisha, ni ule wa kuamka asubuhi mwili umeshachoka. Baadaye OMERACT ikakubali kwamba uchovu nao upimwe. Vipimo vya viungo na damu havikufutwa, viliongezewa tu. Hakuna aliyemtaka mgonjwa asome eksirei.

Mleta mada

Umenimalizia kazi. Na kwenye vipandikizi imeshaanza. Mwaka 2023 yalichapishwa makubaliano ya kimataifa yanayoitwa ID-COSM, kuhusu mambo ya lazima kupimwa katika tafiti za vipandikizi. Watu wanaoishi na tatizo lenyewe walishiriki kuyaandaa pamoja na wataalamu. Hali ya mfupa na ufizi imo, muda kipandikizi na jino lake vinavyodumu umo, na sasa yamo pia maisha ya mgonjwa na uwezo wa kuifikia tiba. Hilo la mwisho nalipenda sana. Mtu aliyetajiwa gharama akaondoka haonekani kwenye eksirei ya mtu yeyote.

Kuhusu wanaokosekana, daktari, tusiwangoje waje. Majina ya waliopoteza vipandikizi yapo kwenye mafaili ya kliniki. Kliniki yenyewe iwapigie, iwaulize kama wako tayari. Walipwe nauli na muda wao, na kikao kifanyike saa ambazo mfanyakazi anaweza kufika. Mbona mtakwimu hualikwa na kulipwa bila mjadala?

Mchangiaji wa tatu

Mimi sipingi, naogopa. Tafiti nyingi za vipandikizi hufadhiliwa na watengenezaji wenyewe. Kampuni ikimchagua mgonjwa na ikamlipa, huyo anakuwa shahidi wake. Asiyeuza chochote ndiye awachague. Pia ripoti iseme waziwazi wagonjwa walibadilisha nini: swali gani liliongezwa, kipimo gani kilitolewa. Tangu 2017 upo mwongozo wa GRIPP2 kwa ajili ya kuripoti ushirikishwaji wa aina hii, kwa hiyo asitwambie mtu kwamba hajui pa kuanzia.

Mchangiaji wa kwanza (daktari wa meno)

Hapo kwenye kuripoti tuko pamoja. Lakini lipo swali gumu ambalo bado halijajibiwa. Wagonjwa wakitaka jambo moja, na usalama ukitaka jingine, nani ana neno la mwisho?

Mleta mada

Kwenye usalama, neno la mwisho ni la kamati ya maadili, kama ilivyo sasa, na sitaki libadilike. Kwenye swali la utafiti na kipimo kikuu, nataka wagonjwa wawe na kura, tena wasiwe mmoja, kwa sababu mgonjwa mmoja kati ya maprofesa kumi atanyamaza. Na wakishindwa kwenye kura, hoja yao iandikwe ndani ya ripoti pamoja na sababu za kuikataa. Daktari, kwa masharti hayo, wewe ungekubali kukaa nao?