Mrejesho: Kadi ya katapila nililonunua Kongwa imetoka

Ndugu zangu, niliwauliza namna ya kuhamisha umiliki wa katapila nililonunua Kongwa kwa ajili ya kusafishia shamba, kwa kuwa namba ya chasisi iliyoandikwa kwenye kadi ya usajili haikulingana na ile niliyoisoma kwenye kibati chake. Nilifuata ushauri wenu nikasugua kibati hicho kwa brashi ya waya na dizeli, na chini ya kutu tarakimu niliyodhani ni 3 ikaonekana wazi kuwa ni 8. Hapo ndipo mkataba wa mauziano, kadi halisi na namba za mlipakodi (TIN) za muuzaji na yangu vilipopokelewa Mamlaka ya Mapato (TRA) hapa Dodoma, nikalipa ushuru wa stempu na ada ya uhamisho. Barabarani bado nitalibeba kwenye lobedi (trela la chini la kubebea mitambo), maana minyororo yake huchimbua lami. Nawashukuru kwa dhati.