Bao Zheng aliwezaje kubaki mwadilifu serikalini?

Swali, kutoka Bukavu

Ndugu zangu, ninawasalimu. Wanafunzi wangu wa sekondari wamesikia habari za Bao Zheng, hakimu wa China ya kale ambaye katika maigizo hupakwa uso mweusi wenye alama ya mwezi mwandamo kwenye paji. Wananiuliza kama aliishi kweli na, kama aliishi, aliwezaje kutumikia serikali miaka mingi bila kula rushwa wala kufukuzwa. Ningependa kuwajibu kwa mambo ya hakika.

Jibu la kwanza, kutoka Lubumbashi

Mwalimu, aliishi. Alizaliwa mwaka 999 huko Hefei, akafaulu mtihani mkuu wa serikali mwaka 1027, lakini kwa kuwa wazazi wake walikuwa wazee, aliacha cheo alichopewa akabaki kuwatunza mpaka walipofariki. Kwangu mimi, hapo ndipo tabia yake inapoonekana kwanza.

Waambie wanafunzi habari za Duanzhou, mji uliosifika kwa mawe ya kusagia wino. Watawala waliomtangulia walidai mawe mengi kupita kiasi kilichotakiwa na mfalme, kisha yaliyozidi wakawapa wakubwa ili wapate kupendelewa. Bao aliagiza yatengenezwe yale ya mfalme tu, na muda wake ulipokwisha aliondoka bila hata jiwe moja. Baadaye, alipokabidhiwa mji mkuu wa Kaifeng, aliamuru lango la mahakama lifunguliwe ili mwenye shauri aingie mwenyewe na kusema mbele yake, kwani zamani barua za malalamiko zilipitia kwa makarani wa langoni, na kila anayefuatilia karatasi ofisini anajua maana ya kupita kwa karani.

Jibu la pili, kutoka Goma

Mwalimu, ninakubaliana na mama aliyetangulia, ila uadilifu wa mtu mmoja haujibu swali lako lote. Serikali ya nasaba ya Song, iliyotawala China wakati wa Bao, ilikuwa na maofisa ambao kazi yao ilikuwa kuwakosoa wakubwa, hata mfalme, na Bao alikuwa mmoja wao. Alimpinga Zhang Yaozuo, jamaa wa suria aliyependwa na mfalme Renzong, tena na tena, mpaka Zhang akavuliwa baadhi ya vyeo. Renzong alikasirika, lakini alisikiliza. Mlinganishe na Hai Rui, ofisa wa nasaba ya Ming iliyotawala China baadaye: mwaka 1566 alimwandikia mfalme Jiajing maneno makali, akatupwa gerezani, akaachiliwa baada tu ya mfalme huyo kufa. Ujasiri ulikuwa uleule. Aliyeketi kitini ndiye aliyekuwa tofauti.

Muuliza swali

Asanteni sana. Je, familia yake ilirithi nini?

Jibu la kwanza

Mwalimu, iliachiwa agizo zito: mzao yeyote atakayekula rushwa akiwa na cheo asirudi nyumbani akiwa hai, wala asizikwe katika makaburi ya ukoo. Bao alifariki mwaka 1062, na kaburi lake lilichimbuliwa Hefei mwaka 1973.