Mliowahi kunyonywa mafuta tumboni njooni hapa, tupeane uzoefu kabla sijalipa

MamaMapacha_Tegeta
Wakuu, habari za jioni. Niende moja kwa moja. Nina watoto watatu, wawili mapacha, wote kwa kisu. Nimekimbia asubuhi, nimeacha wali usiku, nimekunywa tangawizi na limau mpaka moyo unaniwaka. Mwili umepungua ila tumbo la chini limegoma, linaning'inia juu ya mshono. Kuna kliniki hapa mjini wamenipigia hesabu ya kunyonya mafuta na wanataka nitangulize nusu. Mlioshafanya, au mliomuuguza aliyefanya, semeni ukweli: maumivu yakoje, unarudi kazini lini, na kitu gani hamkuambiwa. Wa "jikubali ulivyo" naomba mpite kimyakimya. Naomba kuwasilisha.

Chuma_Chakavu
Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu.

MzeeWaKigogo
Binti, kata ugali, kimbia Tegeta hadi Bunju kila siku. Hela hiyo nunua kiwanja.

MamaMapacha_Tegeta
Mzee wangu, wewe umebeba mapacha?

MzeeWaKigogo
Nimebeba zege.

DadaWaTabata
Umenikumbusha mbali, shosti. Mimi nilifanya tumbo na zile nyama uzembe za kiunoni. Maumivu si ya kukatwa, ni kama mtu aliyepigwa na wananchi wenye hasira kali. Kukohoa kazi, kucheka kazi, kukaa chooni ndiyo usiseme.

Ambalo sikuambiwa ni KUVUJA. Kabla hawajanyonya wanakujaza maji yenye dawa ndani ya mafuta, na yale maji lazima yatoke. Usiku wa kwanza nilidhani naisha damu, godoro lote limelowa majimaji mekundumekundu. Nikampigia daktari saa nane usiku, akaniambia ni kawaida, lala. Andaa mpira wa kitandani, kanga za zamani na pedi kubwa za wazazi. Pili, lile vazi la kubana. Unalivaa mchana na usiku kwa wiki kadhaa, na joto hili la Dar! Mimi nilifanya Januari, ningejua ningengoja Julai.

Tatu, kioo. Usijiangalie mwezi wa kwanza. Unavimba kuliko ulivyokwenda. Nililia nikasema nimeibiwa. Tumbo lilianza kuonekana tumbo baada ya miezi mitatu. Ila sasa hivi nikivaa gauni la kubana, mtaa mzima unajua nimepita.

ShepuKwanza
Mleta mada njoo inbox, tuna ofa ya wawili kwa bei ya mtu na nusu. Unaingia asubuhi jioni uko kwako. HAKUNA MADHARA.

Nesi_wa_Usingizi
Wewe ShepuKwanza, upasuaji usio na madhara haupo duniani. Mleta mada, nimefanya kazi miaka mingi chumba cha upasuaji, upande wa usingizi. Sikuzuii, ila uliza haya kabla pesa haijatoka.

Nani atakulaza usingizi, na je, atabaki chumbani mpaka mwisho? Kuna sehemu anayenyonya ndiye huyohuyo anayechoma ganzi na kuangalia presha. Hapo ondoka. Na yale maji anayosema DadaWaTabata yana lidokeini na adrenalini. Lidokeini ni ganzi, ina kiwango chake kwa uzito wa mtu, na kwa sababu imekaa kwenye mafuta inaingia kwenye damu polepole. Inaweza kufika kileleni baada ya masaa kumi na mbili hivi tangu ujazwe, yaani uko nyumbani umelala peke yako. Midomo ikifa ganzi, masikio yakivuma, mdomoni ukahisi ladha ya chuma, rudi hospitali hapohapo. Ndiyo maana hizo "asubuhi unaingia jioni uko kwako" lazima pawepo mtu wa kukutazama usiku kucha.

Wakikuahidi kutoa zaidi ya lita tano kwa mkupuo, hiyo ni kazi ya kulazwa hospitalini. Halafu lita moja ya mafuta haifiki hata kilo. Ukitolewa lita tatu, mzani hautakushangilia.

Wewe umepasuliwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo omba ultrasaundi ya ukuta wa tumbo. Kama kuna ngiri kwenye mshono, ule mrija unaweza kutoboa utumbo. Na hilo tumbo linaloning'inia huenda si mafuta kabisa, ni ngozi iliyolegea na misuli iliyoachana baada ya mapacha. Kunyonya hakurudishi misuli. Ukinyonya mafuta chini ya ngozi iliyolegea, inabaki kama mfuko uliomwagwa unga. Hapo unahitaji upasuaji mwingine, wa kukata ngozi na kushona misuli, na daktari mkweli atakwambia hivyo hata kama bei inabadilika.

ShepuKwanza
Sista unaharibia watu biashara. Umesoma wapi hayo?

Nesi_wa_Usingizi
Weka hapa jina la daktari wenu.

Chuma_Chakavu
Kimyaaa.

ShepuKwanza
Siwezi kuweka jina la daktari hadharani kwa sababu za faragha.

MkenyaHalisi
Jina la daktari ni faragha kwa nini, jameni? Huku kwetu Nairobi 2024 kuna mama alifanyiwa hii kitu akapata shida baadaye, akafariki. KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, ndio wakaja kufunga hiyo kliniki. Siku hizi mimi nikisikia mtu anataka alipwe kwanza, naingia rejista yao na simu natafuta jina. Nyinyi mko na Baraza la Madaktari Tanganyika, tafuta huko. Na usitafute "daktari" tu, tafuta kama ni plastic surgeon, yaani bingwa wa upasuaji rekebishi, ama ni mtu alisoma kozi ya wikendi.

KakaMkubwa_Moro
Haya yote kwa sababu ya kuwafurahisha wanaume ambao hata hawajaomba. Mke wangu akifanya bila kuniambia namrudisha kwao.

DadaWaTabata
Tumbo lako mwenyewe lina miezi mingapi, kaka?

KakaMkubwa_Moro
Langu ni la heshima.

Nesi_wa_Usingizi
Hilo la heshima ndilo halinyonyeki. Kitambi kigumu kama ngoma mafuta yake yako ndani, yanazunguka utumbo, mrija haufiki huko. Huko ni mlo na mazoezi tu. Mzee wa Kigogo atakuelekeza Bunju.

MzigoWaKariakoo
Sikutaka kuandika ila mmenigusa kidonda.

Nilimsindikiza mdogo wangu Istanbul. Nyumbani tulisema tunafuata mzigo wa nguo, maana duka lipo na kila mtu anajua tunakwenda Uturuki. Makubaliano yalikuwa tumbo tu. Tulipofika, kuna dada mmoja mshauri, si daktari, akamkalisha dakika chache: ongeza mikono, ongeza mapaja, mafuta yenyewe tutayahamishia nyuma, bei ni karibu ileile. Daktari mwenyewe alikuja akamchora kwa kalamu, akaondoka. Niliambiwa ni upasuaji mfupi. Nikakaa kwenye benchi mpaka jua likazama.

Tukarudishwa hotelini. Mdogo wangu hataki kuamka, kila nikimwambia tembea kidogo analia. Nikamwonea huruma nikamwacha. Siku ya safari mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake. Akasema ni vazi limebana.

Tuko angani usiku, watu wamelala, ananishika mkono: "Dada, kama nimekaliwa kifuani." Midomo imebadilika rangi. Wakatangaza kama kuna daktari, akaja baba mmoja na miwani yake, mdogo wangu akawekewa oksijeni. Yule baba anamuuliza, umefanyiwa upasuaji karibuni? Mdogo wangu ANATIKISA KICHWA, hapana. Anauliza mara ya pili, hapana. Kwa sababu kiti cha nyuma yetu alikaa jirani yetu wa dukani, tuliyekutana naye kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Nikasimama nikasema kwa sauti ndege nzima ikasikia: amenyonywa mafuta mwili mzima wiki hii! Mdogo wangu akafumba macho. Yule daktari akabadilika sura palepale.

Donge la damu lilitoka mguuni likaenda kwenye mapafu. Alikaa wodini muda mrefu, sindano za kuzuia damu isigande, kisha vidonge miezi kadhaa. Yuko hai. Anahema akipanda ngazi.

Chuma_Chakavu
Na mzigo mliuleta?

MzigoWaKariakoo
Hukuona cha maana cha kuuliza?

Chuma_Chakavu
Naulizia shemeji aliyekuwa anangoja uwanja wa ndege.

Mtoto_wa_Ubungo
Hii chai. Jirani wa dukani kiti cha nyuma?

MkenyaHalisi
Hiyo ndege ya Istanbul yote ni wafanyabiashara, boss. Cha ajabu ni gani?

Mtoto_wa_Ubungo
Sawa, lakini shemeji aliambiwa nini?

MzigoWaKariakoo
Jirani alimwambia kabla hatujafika wodini. Tuishie hapo.

Nesi_wa_Usingizi
Pole sana dada. Wengine, mguu mmoja kuvimba na pumzi kukata baada ya upasuaji wowote, SEMENI mmefanyiwa. Na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni mwambie daktari mapema, vinaongeza hatari ya damu kuganda.

BiShufaa
Wanangu, mimi nimekanda wazazi tangu ujana wangu. Huyo angekandwa maji ya moto yaliyochemshwa na majani, damu ingetembea. Mleta mada ukimaliza njoo Magomeni.

Nesi_wa_Usingizi
Bibi shikamoo. Nakuomba sana, hapana! Ngozi iliyonyonywa inakufa ganzi kwa wiki nyingi, utamwunguza asisikie.

BiShufaa
Marahaba. Basi vuguvugu.

Nesi_wa_Usingizi
Hata vuguvugu, bibi. Atembee tu ndani ya nyumba tangu siku ileile.

DadaWaTabata
Mimi daktari wangu alisema nilale wiki nzima.

Nesi_wa_Usingizi
Ndiyo hao.

MamaMapacha_Tegeta
Asanteni, nimesoma yote mara mbili. Nimewapigia kliniki nikauliza nani analaza. Wakaniambia "usijali mama". Nimewaambia nusu yao wasahau. Wiki ijayo naenda kwanza kupigwa ultrasaundi. Hospitali ya Mloganzila nao si wanafanya?

MkenyaHalisi
Hapo umecheza kama wewe.

DadaWaTabata
Wanafanya tangu 2023. Lile puto wanaloweka tumboni ni kwa ajili ya kupunguza uzito, usichanganye.

Mgeni_Jukwaani
Samahani kwa kuchelewa. Na mwanaume mwenye matiti, anaweza kunyonywa? Naulizia kwa niaba ya rafiki yangu.

Nesi_wa_Usingizi
Yakiwa mafuta matupu, ndiyo. Ikiwa kuna tezi ngumu chini ya chuchu, mrija peke yake hautoshi, itakatwa. Apime homoni kwanza na aseme dawa zote anazokunywa. Rafiki yako ana miaka mingapi?

Mgeni_Jukwaani
Nina thelathini na nne. Yaani yeye.