Msaada wakuu: "Koine" kwa Kiswahili niandikeje? Kamusi imeniambia "najisi"

Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa kwanza chuo cha biblia, tumepewa insha ya utangulizi wa Agano Jipya, Jumatatu natakiwa niirudishe ikiwa imesahihishwa. Mimi niliandika "Agano Jipya liliandikwa kwa Koine, yaani Kigiriki najisi", mwalimu kapiga duara kwa peni nyekundu na pembeni kaandika una uhakika? Sikubuni, nilifungua kamusi ya Kigiriki nikatafuta koinos, neno lenye shina moja na Koine, nikakuta najisi, na Matendo 10:14 Petro anasema hajala kitu kichafu wala najisi, kwenye Kigiriki neno hilohilo limo. Sasa nimechanganyikiwa kweli, maana haiwezekani Neno la Mungu liandikwe kwa lugha najisi. Niandikeje? Na inatamkwaje? Natanguliza shukrani.

MzeeWaLahaja
Mdogo wangu kamusi haijakudanganya, ila umechukua maana ya mwisho ukaiacha ya kwanza. Koinos ni kitu cha shirika, cha watu wote. Nenda Matendo 2:44, walioamini walikuwa na vitu vyote *shirika*, pale kwenye Kigiriki ni koina. Koinonia nayo, ule ushirika tunaotamka kila Jumapili kwenye neema, imetoka shina hilohilo. Kwa Wayahudi kitu ambacho hakijatengwa kwa ajili ya Mungu, kila mtu anakishika, ndo kikaitwa najisi, hiyo ni habari ya chakula na usafi wa ibada, haihusiani na lugha kabisa. Jina lenyewe kwa urefu ni koine dialektos, lahaja ya wote. Andika "Kigiriki cha pamoja".

binti_pwani
Mi nakuongezea ilikotoka maana bila hiyo neno haliingii kichwani. Wagiriki wa zamani walikuwa na lahaja kama sisi, Kiattika cha Athens, Kiionia, Kidoria, Kiaeolia. Ufalme wa Makedonia ukachukua Kiattika kwa mambo ya serikali, halafu Alexander Mkuu (alifariki 323 KK) na majeshi yake wakakibeba mpaka Misri na Uajemi, na kule askari wa kila lahaja wanakaa kambi moja, wafanyabiashara nao, basi yale ya Athens peke yake yakapukutika. Mfano bahari, Mwathens alisema thalatta, Koine ikashika thalassa kama Waionia. Ni kama nyumbani Mombasa bibi anasema mtele na mato, huku wengi mnasema mchele na macho, tunaelewana vizuri tu lakini lugha ya wote ikabidi ishike moja.

Mwl_Kigiriki
Umeeleza vizuri dada, ila mfano wa Kiswahili usiupeleke mbali sana. Sanifu yetu ilichaguliwa kikaoni, mkutano wa Mombasa 1928 ukachukua Kiunguja. Koine haikuchaguliwa na kikao chochote, ilijijenga yenyewe sokoni na kambini.

Kijana, "cha pamoja" ni sawa, "cha kawaida" pia inakubalika, ila usiende mpaka "cha mtaani". Marko anaunganisha sentensi kwa "na... na... na..." kama mtu anayekuhadithia, lakini Waebrania ni Kigiriki kilichopangwa kwa ufundi mkubwa na vyote viwili ni Koine. Zamani wako wasomi waliodhani Agano Jipya lina Kigiriki chake peke yake, cha Roho Mtakatifu, mpaka zilipochimbuliwa karatasi za mafunjo Misri na wasomi kama Mjerumani Adolf Deissmann wakaonyesha kwamba maneno yaleyale yamo kwenye risiti, mikataba na barua za nyumbani. Kuna barua ya mtoto anaitwa Theon, kamkasirikia baba yake kwa kumwacha asiende naye Alexandria, anamwambia hatamwandikia tena wala hatamsalimia, na mwisho anatishia hatakula wala kunywa. Spelling zimemshinda kila mstari. Mi nikiisoma naguswa kila mara, maana lugha ya huyo mtoto ndo Paulo aliyoandikia Warumi.

Matamshi: darasani sema ko-i-NE, mkazo mwisho. Mgiriki wa leo anasema ki-NI, usishtuke.

Kaka_Simba
Mwanzoni andika "Kigiriki cha Koine", baada ya hapo "Koine" inatosha, herufi kubwa. Ukikutana na koine ya herufi ndogo kwenye vitabu vya isimu hiyo ni lahaja yoyote iliyozaliwa kwa kuchanganyika lahaja za lugha moja. Na usiseme Plato aliandika Koine, yule ni Kiattika.

Muanzisha uzi
Mungu awabariki jamani. Nimeandika hivi: "Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki cha Koine, yaani Kigiriki cha pamoja, kilichotumika na watu wa lahaja zote baada ya Alexander Mkuu." Iko sawa?

Mwl_Kigiriki
Toa "kilichotumika na", weka "kilichotumiwa na". Halafu peleka.